Nilijisifia Mshipi Mkuukuu, Mke Wangu Akakosa Mashine

Nina miaka sabini na moja, ni mzee wa kanisa hapa Gilgil, na ninaandika haya nikiwa na hasira... hasira juu yangu mwenyewe.

Mke wangu ana ugonjwa wa figo. Mara mbili kwa wiki nilikuwa nikimpeleka Nakuru kusafishwa damu kwa mashine. Zamu yake ni saa tatu asubuhi. Ukichelewa, mashine anapewa mgonjwa mwingine.

Gari letu ni la zamani. Tangu nilinunue sikuwahi kubadilisha mshipi wa feni wala mipira ya maji ya rejeta. Badala ya kuona aibu, niliufanya ushuhuda! Kila nikipewa nafasi kanisani, nilieleza jinsi Mungu alivyonitunzia mshipi ule ule miaka yote hiyo. Watu walipiga makofi... nami niliyapenda makofi yale.

Fundi wangu wa magari mtaa wa Bondeni, Kamau, alinionyesha nyufa kwenye mshipi. Akasema mipira nayo imechoka. Alinisihi nibadilishe vyote, au angalau nibebe mshipi mwingine kwenye buti. Nilikataa. Ningesimamaje tena mbele ya kanisa na mshipi mpya? Na kubeba spea nilikuita kukosa imani!

“Sawa, mzee,” akasema akifunga boneti. “Lakini malaika hawabebi spana.”

Mafundi wenzake walicheka. Niliondoka nimenuna.

Jumanne moja, tukiwa Mbaruk njiani kwenda Nakuru, nilisikia kishindo. Taa nyekundu ikawaka. Kabla sijapata mahali pa kuegesha, mvuke ulikuwa umejaa mbele yetu. Mshipi ulikuwa umekatika, na mpira wa rejeta umepasuka kwa joto.

Mke wangu aliniomba tusimamishe gari lolote linalopita. Nikamwambia asubiri. Niliweka mikono juu ya boneti nikaomba... nikajaribu kuwasha... nikaomba tena. Nilikuwa nikimwombea mke wangu, au sifa yangu? Saa nzima ikapotea hivyo!

Dereva mmoja wa lori alisimama, akatoa spana zake, akauliza kama nina mshipi na mpira. Sikuwa na chochote.

“Mzee, ungekuwa navyo ningekufungia sasa hivi, mwende zenu.”

Mke wangu hakusubiri jibu langu. Alisimamisha pikapu ya maziwa mwenyewe. Tulifika saa tano, mashine ina mtu, tukaambiwa turudi kesho yake.

Jumatano asubuhi alifika hospitali akiwa amebebwa. Maji yalikuwa yamejaa mapafuni. Alilazwa wiki mbili, akipumua kwa oksijeni.

Alipopata nguvu ya kuongea, aliniambia polepole, “Baba Wairimu, imani ni yako. Lakini aliyekosa pumzi ni mimi.”



Namshukuru Mungu, yuko hai. Nimebadilisha mishipi na mipira yote. Kwenye buti kuna spea, spana na mtungi wa maji. Lakini mke wangu haingii tena kwenye gari langu! Jirani ndiye humpeleka Nakuru, nami hubaki langoni baada ya miaka arobaini na sita ya ndoa...

Wenzangu, hasa ninyi wazee wa makanisa, nawasihi: fundi akikwambia mshipi umechoka, badilisha siku hiyo hiyo, na ubebe mwingine. Ombeni, lakini msimtwike Mungu uzembe wenu. Gari langu lilitengenezwa kwa siku moja tu. Mke wangu kuniamini barabarani... bado ninasubiri.