Bomba la Chuma Jikoni kwa Rispa

Rispa alikuwa akichemsha uji wa wimbi nyumbani kwake, karibu na Kehancha. Gesi yake ilitoka nyuma ya zizi, kwenye mtambo ambamo kinyesi cha ng'ombe huoza na kutoa gesi. Mara akasikia harufu ya yai viza. Alizima jiko, akafungua mlango na dirisha, akakimbia nje kufunga koki ya mtambo.

"Hii ni mara ya tatu gesi kuvuja mwezi huu," alimwambia mumewe, Gisiri.

"Basi tuachane nayo. Turudi kwa kuni."

Rispa aliingiwa na hofu. Moshi wa kuni ulikuwa umemharibu macho, na daktari alikuwa amemkataza kuusogelea tena. Bila gesi, angepika na nini?

Kesho yake alimwita Phanice, fundi wa mitambo ya gesi. Phanice alipaka povu la sabuni kwenye bomba la chuma lililoleta gesi jikoni. Mapovu yakafura mahali patatu.

"Bomba hii mlitoa wapi?"

"Kwa tanuri yetu ya zamani ya kukausha tumbaku," Gisiri alijibu kwa majivuno. "Ilishikilia paa miaka ishirini. Joto, moshi, haikutingisika! Mimi mwenyewe nikaipaka rangi."

Alijisifu mapema. Phanice alifungua kipande kimoja, akakigonga. Kutu ikamwagika kama unga wa mtama mwekundu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

"Mzee, kwa tanuri kulikuwa kukavu," Phanice alisema. "Gesi ya kinyesi inakuja na maji. Pia iko na ile hewa inanuka yai viza. Hizo mbili zikikutana zinakuwa kali, zinakula chuma kutoka ndani. Hata koki ya shaba inaliwa."

"Sasa tuweke nini?" Rispa aliuliza.

"Bomba ngumu ya plastiki, ile ya gesi. Tuifukie, jua isiipasue. Tuilaze kwa mteremko, maji ishuke kwa koki ya chini, muimwage kila wiki. Koki zote ziwe za plastiki. Na jiko iwe ya stenlis, hiyo haishiki kutu haraka."

Gisiri aliguna. "Plastiki ishinde chuma?"

"Kwa kazi hii, inashinda."

Gisiri aliona haya, lakini mtaro aliuchimba mwenyewe.

Miezi minane baadaye, Phanice alirudi na sabuni yake, akaipaka kwenye bomba jipya la plastiki. Hakuna povu lililofura. Siku hiyohiyo jirani yao Nchagwa, aliyekuwa akijenga mtambo wake, alipita kuomba ushauri.

"Gisiri, chuma gani ni ngumu zaidi?"

"Wacha mambo ya ugumu," Gisiri alisema, kifua mbele. "Uliza kwanza, ndani kutapita nini?"

Rispa alimsikia akiwa jikoni anasonga ugali. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Yalikuwa machozi yake ya kwanza jikoni humo tangu alipoacha kupikia kuni.