Gunia Chini ya Kichwa

Seremala alikutwa amekufa saa tatu asubuhi, ndani ya mtaro mkavu, upande wa mashariki wa barabara kuu. Alikuwa amepasuka kisogoni, na chini ya kichwa chake palikuwa na gunia tupu lililokunjwa vizuri. Mpelelezi wa Kanda ya Mashariki, mwanamke asiyependa kuharakishwa, aliinama akalitazama gunia lile, kisha akavitazama visigino vya marehemu. Viatu vilikuwa vimegandwa na lami mbichi. Lami mbichi ilikuwa upande wa magharibi tu, ilikomwagwa jana yake, na huko ndiko ilikokuwa karakana ya marehemu, mkabala na mtaro.

Barabara ile ndiyo mpaka wa kanda mbili za polisi, na mpaka wenyewe unapita katikati yake. Raia hawana habari nao. Kila Jumatatu wakuu wa pande zote mbili hukutana mbele ya ramani ya ukutani kupangiana doria, na kila kosa kubwa huchomekewa pini nyekundu pale lilipotokea. Mwenye pini nyingi huwekwa kitimoto na wakubwa, kwa hiyo makosa ya mpakani hutupiwa jirani kama mpira.

Kufikia adhuhuri, mdogo wa marehemu alikuwa mahabusu. Jirani aliwasikia wakigombana alfajiri.

"Tuligombana kuhusu mama," alimwambia mpelelezi. "Anaumwa, na kila mmoja anataka mwenzake akae naye. Nikamsukuma. Akaangukia jiliwa ya kubania mbao, kwa kisogo."

"Halafu ukamburuta hadi mtaroni."

"Sikumburuta, dada. Nilimwacha mlangoni mwa karakana, anapumua. Nikakimbia kutafuta msaada, nikakutana na askari wa doria, mtu mzima, yuko peke yake. Nikamwambia nimemuumiza kaka yangu. Akaja, akamtazama, akaniambia, 'Nenda nyumbani ukanawe mikono, mwanangu. Huyu niachie mimi.'"

"Nawe ukaenda."

"Alikuwa polisi," kijana alisema.

Mkuu wa Mashariki aliposikia maelezo hayo aliguna. "Kampiga, kamburuta, kamficha. Hiyo ni kuua kwa kukusudia. Kesho anafikishwa mahakamani, na akipatikana na hatia ni kitanzi."

"Afande, anayeficha maiti haiwekei kitu chini ya kichwa. Aliyeweka gunia lile alijua mtu yu hai."

"Basi aliweka huyo huyo mdogo wake."

Jioni daktari aliyeipasua maiti alimpigia mpelelezi simu. Marehemu aliishi karibu saa mbili baada ya kuumia, na angefikishwa hospitali mapema, angepona. Mpelelezi alikata simu, akalivuta lile gunia karibu na taa. Lilikuwa limekunjwa mara tatu, ncha moja imechomekwa ndani ya nyingine. Hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyokunja blanketi lake kila asubuhi tangu chuo cha polisi, na hajawahi kumwona raia akikunja hivyo. Aliyemfundisha alikuwa mtu mmoja, ambaye sasa alisimamia doria za Kanda ya Magharibi. Askari wote walimwita Mwalimu. Mpelelezi alimpenda kama baba, na usiku ule hakula.

Asubuhi iliyofuata aliomba kikao cha dharura. Pini nyekundu ilikuwa imeshachomekwa upande wa mashariki wa barabara. Mkuu wake alikaa mwisho wa meza, Mwalimu akakaa dirishani. Mpelelezi alilitandika gunia mezani.

"Mwalimu, nikunjie hili."

Mzee alitabasamu, akadhani ni utani wa zamani. Mikono yake ilianza kazi yenyewe, ikakunja mara tatu, ikachukua ncha. Hapo ikasimama.

"Ulipomvusha barabara alikuwa hai," mpelelezi alisema.

Mwalimu aliliachia gunia. "Alikuwa hai."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Pini zetu zilikuwa zimejaa. Niliambiwa ikiongezeka hata moja, nimekwisha, na nimebakiza miezi michache nistaafu. Gari lenu hupita pale kila nusu saa, na askari wake hushuka kukagua mtaro. Tulipanga pamoja, humu humu. Nilijua watamkuta, watampeleka hospitali, atapona, na kosa litahesabiwa kwenu. Nilimvusha tu, mwanangu. Nikamwekea gunia asiumie." Alimgeukia mkuu wa Mashariki. "Afande, gari lenu lilikuwa wapi?"

Mkuu alikohoa. "Lilikwenda kusindikiza wageni. Amri ilitoka juu ghafla."

"Na sisi hamkutuambia."

"Nanyi lini mliwahi kutuambia kitu?"

Wakaanza kubishana, kanda hii na kanda ile, kana kwamba seremala hayumo katika mazungumzo.  Mpelelezi alimwendea Mwalimu, akanyoosha mkono.

"Mkanda wako, Mwalimu. Uko chini ya ulinzi."

Aliufungua mwenyewe, akaukunja mara tatu, akampa bila kumtazama usoni.

Kule mahabusu, yule kijana alisimama alipomwona mpelelezi.

"Shtaka la kuua kwa kukusudia halipo tena," mpelelezi alimwambia. "Utajibu la kumsukuma. Yule askari tumempata. Yeye ndiye aliyemburuta."

Kijana hakufurahi. "Dada, nilipokuwa nanawa mikono, kaka alikuwa bado anapumua?"

Angeweza kumdanganya, na moyo ulimtuma amdanganye. "Ndiyo. Aliishi karibu saa mbili."

Kijana alivitazama viganja vyake.

"Hospitali iko pale kwenye kona," alisema. "Ningembeba mwenyewe."

 Mpelelezi alivuta kiti akakaa naye, mpaka askari walipokuja kumpeleka mahakamani.