Inayounga na Inayokata

Ati, "Chuma hakina roho, bibi, acha kunitia nuksi." Ndivyo alivyonijibu huyo fundi wa nyuma ya nyumba yetu, mbele za watu, mikono kiunoni, kisa nimemuuliza hiyo mashine kuukuu ya kuchomelea aliyoinunua, mwenzake iko wapi. Akacheka mpaka akakohoa. Basi kaa hapa nikueleze wewe, maana yeye masikio kayatia pamba.

Walikuwa ndugu wawili, watoto wa wifi yangu. Mkubwa tukimwita Cheche, mdogo Msumari. Wote mafundi wa milango na grili, miaka kumi wanamchomelea tajiri wa watu mpaka macho yakawa mekundu kama pilipili. Siku moja wakasema basi, tufungue karakana yetu wenyewe, uani kwa mama. Yule mama alikuwa na meno mawili ya chuma, moja juu, moja chini, yanakutana hapa mbele. Akicheka yanagongana, ka! Akitukana pia, ka! Siku hiyo alicheka kutwa.

Kasheshe ikaja kwenye kuchagua vyombo. Mke wa Cheche, ambaye haya yote kanieleza kwa kinywa chake, alitaka wachukue zile mashine ndogo mpya za dukani. Unaning'iniza begani kama mkoba, na umeme wa nyumbani unaimudu.

"Wewe chagua vijiko," Cheche akamkata kauli. "Mashine ni ile nzito, yenye shaba tumboni."

Wakaipata kwa mjane wa fundi mmoja wa zamani. Mashine yenyewe, mpini wake umeviringishwa kitambaa chekundu. Ngao ya uso yenye kioo cheusi. Na grainda ya kukatia chuma. Mjane hakubishana nao. Alisema tu, "Hivi ni mtu na mwenzake. Hii inaunga, hii inakata. Marehemu hakuvilaza nyumba mbili hata siku moja."

Hawajafika nyumbani wakavurugana. Jina la nani litaandikwa kwenye kibao?

"Fundi ni anayeunga," akasema Cheche. "Kukata hata mchinjaji anakata."

"Bila mimi utaunga nini, mate?"

Msumari akabeba grainda yake, akahamia mtaa wa tatu, akaapa hakanyagi tena pale mpaka kaka yake amfuate na magoti chini. Mama yao akawa mtu wa kulia tu. "Nitengenezeeni wanangu," anawaambia majirani, kama vile watoto ni redio.

Wiki haijaisha, mke wa Cheche akachukua mkasi akate uzi. Haufunguki. Akautazama: pale katikati, penye msumari wa mkasi, pamechomelewa. Mshono mzuri, umejipanga kama mgongo wa tandu.

"Nani kanichomelea mkasi?"

"Labda umeiudhi mashine," Cheche akacheka.

Kesho yake mfuniko na sufuria vikawa kitu kimoja. Kesho kutwa, vijiko sita vimelala kwenye droo vimeshikana migongo. Na jikoni, hata jiko likiwa limepoa, harufu ya chuma kilichoungua, ile inayokaa kooni.

Kisha mchana mmoja, jua la utosi, umeme umekatika mtaa mzima na Cheche mwenyewe kaenda kununua vijiti vya kuchomelea, mkewe akasikia chrrr, chrrr, karakanani. Chini ya mlango unatoka mwanga wa buluu. Moshi hakuna. Akapiga moyo konde, akaitwaa ile ngao ya uso iliyotundikwa nje, akaiweka machoni, akachungulia dirishani, na pale ambapo macho matupu yalikuwa yanaona mwanga tu, kwenye kile kioo cheusi akaona mtu kakaa ndani ya mwanga, kakunja miguu, hana kijiti wala waya, anachomelea kwa kidole, polepole, kama mwanamke anayeshona pindo, kapakata bangili ya mama mkwe, na alipojua anatazamwa akageuza kichwa, kichwa tu, shingo ikabaki vilevile.

Jioni alimwambia mumewe kwa kunong'ona. "Irudishe kwa mwenzake. Mwite mdogo wako, nakuomba."

Mama mkwe akadakia kutoka chumbani. "Mwite, mwanangu. Mwite nife nimewaona pamoja." Ka! Meno yale. "Mwite, mwite."

Cheche akachemka. "Mama! Mdomo huo ungekuwa mlango, ningeuchomelea!"

Bibi wa watu akajifungia chumbani. Karakanani, mashine ikanguruma mara moja, ikatulia, kama mtu aliyeitikia.

Asubuhi mlango wa mama haukufunguka. Ulikuwa mlango wa chuma, Cheche kautengeneza mwenyewe na kujisifu nao mtaa mzima, na dirisha kaweka nondo nene kama mkono wa mtoto. Mlango wote, juu mpaka chini, umezungukwa na mshono wa tandu. Bati la mlango linawaka joto.

"Wanangu," sauti inatoka ndani, "joto, wanangu."

Cheche akaleta tindo, ikapinda. Jirani akaleta msumeno wa chuma, meno yakagandana na nondo. Cheche akawasha mashine ayeyushe ule mshono, na kila alipotoboa tundu, tundu likajifunga lenyewe, nene kuliko mwanzo, na chumba kikazidi kuwaka.

"Mwite mdogo wako!"

"Bora nife."

"Anayekufa si wewe!"

Mkewe akaondoka yeye mwenyewe, mbio, kiatu kimoja. Kwa Msumari akakuta meza imekatwa miguu, vikombe havina vishikio, mlango umegawanyika vipande viwili, na Msumari kakaa katikati ya vitu hivyo, vidole vitatu vimefungwa vitambaa, grainda mapajani. Naye yalikuwa yamemfika shingoni.

"Shemeji, mama anaungua."

"Aje mwenyewe."

"Shemeji!"

"Aje. Apige magoti hapa." Akaonyesha sakafu kwa kidole kizima.

Akarudi, akamwambia Cheche mbele ya majirani wote, na aibu ikamtoa kwenda kwa mdogo wake. Mkewe akabaki kasimama karibu na bati, maana kwa joto lile sikio lisingeweza kuligusa, akisikiliza mama mkwe anavyowaita wale wawili kwa majina ya utoto wao, mmoja halafu mwingine, mmoja halafu mwingine, na kila jina linaishia na ka! na kila ka! inachelewa kidogo kuliko iliyopita, na jua linapanda, na ndugu hawatokei, mpaka ikaja ile chrrr, ndogo, ya karibu, kutoka ndani ya chumba, na baada yake hakikusikika kitu.

Ndipo wakafika. Goti la Cheche lilikuwa na vumbi, moja tu. Kwa hiyo walibishana goti moja au mawili.

Grainda ikakata mlango kama inakata sabuni. Mama yao alikuwa kakaa kitandani, bangili ya mkononi imeungwa na chuma cha kitanda, macho wazi, hana uhai. Mdomoni, jino la juu na la chini ni kitu kimoja. Mshono mzuri kabisa.

Siku ile ile mkasi ukafunguka wenyewe. Mashine na grainda vilikuwa vimerudi nyumba moja. Na wale ndugu? Msiba haujapoa wakagombana tena, kila mmoja akauza chake, kila mmoja kwa mtu wake.

Sasa huyo fundi wa nyuma ya nyumba yetu, mpini wa mashine yake una kitambaa chekundu, nimeuona kwa macho yangu haya. Grainda, ati atanunua mpya dukani. Leo asubuhi mkewe kaja kuazima mkasi kwangu. Wake, anasema, haufunguki.

Mimi wanasema natia chumvi. Wewe una miguu na wanakusikiliza. Nenda kawaambie. Na popote utakapopita, uliza nani ana grainda ya zamani inayokata vitu yenyewe, umwambie ailete huku, leo hii, wala asingoje kupigiwa magoti.