Nyasi Hazikuwa na Kiu

Mtunza uwanja wa shule alizijulia hali nyasi kabla ya kumjulia mkewe. Mke alizoea kumtania: "Mke mwenzangu kaamkaje leo?"

Asubuhi hiyo mume hakucheka. "Ana mabaka mapya matatu," alijibu.

Mabaka yalikuwa ya kahawia, mapana kama sinia. Yeye aliona ni kiu, hivyo kila jioni aliongeza maji. Asubuhi alikata nyasi zikiwa bado zimelowa. Alipulizia pia dawa iliyobaki mwaka jana. Mabaka yakazidi. Mwalimu mkuu alikwishaleta saruji: mabaka yakifika golini, uwanja wote utasakafiwa. Kazi ya miaka kumi na tisa ingefunikwa, na mtunza uwanja aliogopa.

"Muite bibi shamba," mke alisema.

"Atanicheka."

"Mficha uchi hazai, mume wangu."

Bibi shamba alikuja. Alichuma majani pembeni mwa baka, akayaponda ndani ya kichupa chenye maji ya dawa. Kisha akadondosha maji hayo kwenye vipimo viwili vidogo.

"Mtu akiugua, mwili hutengeneza kingamwili," alieleza. "Ni walinzi, kila mmoja na adui anayemjua. Humu ndani ya kipimo, watu wa maabara wameweka kingamwili zinazotambua ugonjwa wa kuvu. Kila kipimo na kuvu yake. Zikiikuta, mstari wa pili unatokea."

"Kama kipimo cha mimba," mke alisema. "Haya, tumsikie mke mwenzangu."

Walisubiri dakika kumi. Kipimo cha kwanza kilitoa mstari mmoja. Cha pili, miwili.

"Ugonjwa ni huu wa pili," alisema bibi shamba. "Dawa yako ilikuwa ya ule mwingine. Na huu unapenda nyasi zilale na maji. Ukikata zikiwa zimelowa, mashine inaubeba baka hadi baka."

Mtunza uwanja alitazama viatu vyake vilivyolowa. "Kumbe ni mimi niliyeusambaza."

"Ulimpenda kupita kiasi," mke alisema, akamshika bega.

Tangu siku ile alimwagilia alfajiri tu, ili jua likaushe majani. Alikata nyasi zikiwa kavu, akasafisha visu vya mashine, akatumia dawa iliyotajwa na bibi shamba. Baada ya wiki sita mabaka yalizibwa na nyasi mpya.

Ile saruji ilitumika kujengea ngazi za watazamaji. Siku ya mechi mke alikaa ngazi ya chini.

"Mke mwenzangu anaendeleaje?"

"Kapona," mume alijibu. "Ila jioni hataki maji."