Kiraka cha Masizi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya shule, Chiriku alichukua ufunguo nyuma ya mlango, akavuka ua na kufungua chumba cha jirani yao, mama mshonaji. Jina hilo la Chiriku alibandikwa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama mshonaji alikuwa amesafiri miezi miwili kumuuguza dada yake, akamwachia kazi moja tu: paka.

Paka huyo aliitwa Masizi. Mwili wake ulikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, lakini pua, masikio, miguu na mkia vilikuwa vyeusi tititi, kana kwamba ametoka kupekua jikoni.

"Maji, chakula, na dirisha lifungwe," mama mshonaji aliagiza. "Hilo la dirisha usilisahau, mwanangu."

Wiki ya kwanza tu, Chiriku alilisahau. Alipotoka shule alimkuta Masizi amejikunyata chini ya meza ya kukatia vitambaa, ubavu umechanwa na bati la nje. Alimtia kapuni, akakimbia naye hadi zahanati ya mifugo, mtaa wa pili. Daktari alimnyoa ubavuni, akamsafisha, akamshona.

"Mwenyewe akirudi, mwambie aje anione," daktari alisema.

Chiriku aliitikia, lakini hakumwambia mtu, hata baba yake. Aliwaza kwamba nywele zitaota, kovu litafunikwa, na habari itaishia hapo. Kwa mara ya kwanza maishani, Chiriku alinyamaza.

Nywele zikaota kweli. Ila ziliota nyeusi! Chiriku alidhani ni uchafu, akasugua kwa kitambaa cha maji ya sabuni mpaka Masizi akampa kucha. Weusi haukutoka.

Jumamosi mama mshonaji akarudi. Aliweka begi chini, akainama ampakate paka wake. Mikono ikaishia hewani.

"Huyu si Masizi."

"Ni yeye, mama."

"Nimeshona viraka miaka ishirini. Kiraka nakijua, na hiki hakikuwepo." Alivuta utepe wa kupimia shingoni mwake, akapima. "Sentimita sita kwa nne! Umempoteza paka wangu ukaniokotea mwingine?" Akafungua mlango wazi. "Huyu na arudi alikotoka."

Baba yake Chiriku, aliyekuwa kinyozi pale mbele ya nyumba, alisikia sauti akaja na kitana mkononi. Chiriku alimtazama Masizi, kisha mlango. Nje palikuwa na mbwa watatu wasio na mwenyewe. Hapo akasema yote, tangu dirisha mpaka uzi wa daktari.

Baba alitikisa kichwa. "Mwanangu, nimenyoa vichwa tangu hujazaliwa. Sijaona nywele nyeupe zikanyolewa, zikaota nyeusi. Usitupangie uongo juu ya uongo."

"Sidanganyi, baba."

"Miezi miwili bubu, leo umebanwa ndio unamkumbuka daktari?"

Chiriku alimkumbatia paka kwa nguvu. "Basi twendeni kwake. Akisema hanijui, nitakubali adhabu yoyote."

Wakaenda. Daktari alipomwona tu akasema, "Ahaa, binti wa kapu! Mwenye paka mbona hukumleta siku zote hizi?"

Akazitenga zile nywele nyeusi kwa vidole. Chini yake lilionekana kovu jembamba. Kisha akaeleza.

"Paka wa aina hii, rangi yao hufuata joto la ngozi. Panapopoa, nywele huota nyeusi. Ndiyo maana masikio, pua, miguu na mkia ni vyeusi. Mwilini kuna joto, nywele ni nyeupe. Nilipomnyoa, ubavu ulikosa blanketi, ukapoa. Nywele zilizoota pale zikawa nyeusi. Hizi zikipukutika, zitakazofuata zitakuwa na rangi yake ya zamani."

Kinyozi alijikuna kisogo. "Kumbe kuna vichwa ambavyo sijanyoa."

Mama mshonaji hakucheka. Alikuwa amevaa miwani na kuhesabu alama za uzi. "Mishono mitano," alisema. "Umeshona vizuri, daktari." Ndipo akampakata Masizi, na Masizi akaanza kukoroma.

Njiani kurudi, mama mshonaji alimshika Chiriku begani. "Kusahau dirisha ningekusamehe siku ile ile. Lakini umeuficha ukweli mpaka ulipotoka, sote tukauona uongo. Hata paka nusura afukuzwe kwake. Ukikosea, useme mapema, wakati bado watu wanaweza kukuamini."

"Nimekusikia, mama."

Ufunguo haukuondolewa nyuma ya mlango. Miezi kadhaa baadaye, Chiriku alivuka ua mbio.

"Mama, kiraka kimeanza kupauka! Na jana nimevunja kikombe chako cha bluu."