Mgeni wa Simu ya Esekon

Simu haikuwa na betri, lakini iliwaka.

Nawoi aliikodolea macho. Betri ilikuwa palepale mezani, kando ya kikombe cha chai, ameitoa kwa mkono wake. Alijiambia ni waya wa kompyuta unaoipa moto, ingawa waya wenyewe alikuwa bado hajauchomeka. Fundi naye ana njia zake za kujidanganya.

Ilikuwa simu ya zamani, imekwama kwenye nembo: inawaka, inazima, inawaka tena. Abigael alikuwa ameileta Kakuma asubuhi hiyo kutoka Lodwar, mtoto mgongoni. Mumewe, Esekon, alizama ziwani kule Kalokol kabla mtoto hajazaliwa, na mwili haukuonekana.

"Sauti yake iko ndani, dada," Abigael alimwambia. "Alikuwa anaimbia ng'ombe yake, akajirekodi. Huyu mtoto hajawai sikia baba yake. Ukipoteza hiyo, umeniua na mimi."

Nawoi akaahidi, Abigael akaenda sokoni kungoja.

Kuflashi simu, yaani kuipakia mfumo upya kwa kompyuta, kuna njia mbili: moja huacha vitu vya mwenyewe, nyingine hufagia vyote. Nawoi alirudisha betri, akachagua ile ya kuacha, akabana vitufe, akachomeka waya. Mstari wa kijani ulitambaa hadi mwisho. Simu ikaamka, na wimbo ulikuwamo! Alicheka peke yake kwa furaha.

Ikabaki kujaribu maiki. Mafundi wengine huhesabu moja, mbili. Nawoi yeye husalimia kwa Kiturkana. Alirekodi, "Ejoka?" kisha akasikiliza.

"Ejok noi," simu ikaitika kwa sauti ya mwanamume.

Nawoi alichomoa waya, akatoa na betri. Kioo hakikuzima. Tundu la chaji likaanza kuchuruzika maji, na kibanda kikajaa harufu ya tope na samaki, huko Kakuma ambako ziwa liko mbali na lagha, ule mto wa msimu, ni mchanga mtupu.

"Mwenye nyumba," sauti ikasema, "nikae wapi?"

Kelele aliyopiga Nawoi ilimleta Namuria, muuza tumbaku wa kibanda cha pili, ambaye babake alikuwa emuron, mganga aliyesoma mambo kwa kurusha viatu. Namuria alivua akala zake, akazirusha chini, akaziinamia. Hakupenda alichokiona.

"Ulimsalimia?" alinong'ona.

"Nilikuwa najaribu maiki, mama."

"Na akaitika. Basi huyo ni mgeni yako. Ngoja nilete tumbaku tumpatie, tumwonyeshe njia ya ziwa, aende vizuri. Lakini hiyo simu ndiyo nyumba yake, usimbomolee, Nawoi. Ukibomoa, utamlaza wapi?"

Mgeni njoo mwenyeji apone, husema waungwana. Hawakusema mgeni wa namna gani. Namuria alipotoka upepo uliinuka, vumbi likaziba mlango, na katika giza lile la mchana Nawoi akaisikia sauti ikiuliza tena, nikae wapi, karibu zaidi sasa, kana kwamba imeshaondoka mezani na kuja begani kwake, na maji yakafika vidoleni, ya baridi, naye akiogopa kama hajawahi kuogopa maishani, akiikumbuka ahadi yake na huku mikono ikimsaliti, akachomeka waya, akachagua ile njia ya kufagia vyote, akabonyeza.

Kimya. Simu ikawaka safi, tupu. Wimbo wa Esekon haukuwamo tena, na Nawoi akalia kwa aibu.

Namuria alirudi na tumbaku, akakomea mlangoni. Simu hakuitazama hata kidogo. Alimtazama Nawoi, akaidondosha tumbaku kizingitini na kurudi nyuma polepole, bila kumpa mgongo.

Vumbi lilipotulia, Abigael akaingia. Nawoi alikuwa amejipanga kumwambia ukweli wote na kumwomba msamaha.

"Ejoka, dada?" Abigael alisalimu.

Nawoi akafungua kinywa. Ulimi ulikuwa na ladha ya tope.

"Ejok noi," akajibu, kwa sauti ya mwanamume.

Mtoto akageuza kichwa. Abigael alisimama, machozi yakimtiririka, lakini hakukimbia. Alisukuma mlango ukafungika. Kisha akafungua kanga, akamshusha mtoto na kumweka mapajani mwa Nawoi.

"Mwimbie," alisema.