Mfereji Chini ya Baraza

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Alistidia alimtoa mbuzi wa bibi yake nje, akazoa majivu ya moto wa jana, kisha akaketi mlangoni kunywa uji. Alikuwa akilala kwa Bibi Kokubanza tangu alipoanza darasa la kwanza, kama wasichana wengi wa pale Kashozi walivyolala kwa bibi zao. Nyumba ya bibi ilikuwa msonge, nyumba ya duara ambayo paa lake la nyasi hushuka mpaka karibu na ardhi. Ndani, sakafuni, zilitandikwa nyasi kavu, na mtu akiingia hukaa juu yake bila kuhitaji kiti.

Juu kidogo ya msonge, kwenye mteremko uleule, Mutalemwa, baba yake Alistidia, alikuwa akimalizia nyumba mpya. Wakati huo Waingereza walikuwa bado wanatawala Tanganyika. Kahawa ilikuwa na bei nzuri, na watu wengi wa Bukoba walikuwa wakijenga nyumba za pembe nne zenye mabati. Mutalemwa alikata kilima upande wa nyuma ili apate mahali tambarare. Udongo uliotoka huko aliumwaga mbele ya nyumba na kuushindilia, halafu juu yake akajenga baraza pana la mawe. Hata kabla milango haijawekwa, kila jioni alikaa barazani akiwaamkia wapita njia.

"Krismasi wageni wangu watakaa hapa," alisema. "Na ikipita Krismasi, mama atahamia ndani. Msonge tutaubomoa. Umeshazeeka ule."

Bibi Kokubanza alisikia. Aliendelea kumenya ndizi.

Mvua za vuli zilianza. Mvua ya Bukoba hupenda kuja asubuhi, ikitokea ziwani. Siku moja Alistidia aliamka akamkuta bibi ameinama, anakusanya nyasi zilizolowa karibu na mlango.

"Mbuzi amekojoa," bibi alisema haraka.

Mvua iliyofuata, nyasi zililowa mpaka karibu na kitanda.

"Na leo ni mbuzi, Bibi?"

"Ni mbuzi."

"Mbuzi mmoja huyu?"

Bibi alicheka kidogo, kisha akakohoa. Aliketi juu ya kinu kilicholazwa.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Usimwambie baba yako. Akijua maji yanaingia humu, hatangoja Krismasi. Nyumba hii niliijenga na babu yako. Watoto wangu wote nimewazaa humu. Kule kwenye mabati nitauwasha wapi moto wangu?"

Alistidia alinyamaza. Alizoea kumtii bibi, na kazi ya kutoa nyasi mbichi waliifanya pamoja kabla baba hajaamka. Lakini kikohozi cha bibi kilizidi. Tena, siku moja alipokuwa akitandika nyasi mpya, alibonyeza mguu wa nguzo kubwa inayobeba paa. Kidole kilizama kidogo. Mti ulikuwa umeanza kuoza. Ndipo alipoona kwamba wakiendelea kunyamaza, baba hatahitaji kuubomoa msonge. Utaanguka wenyewe.

Hakukimbilia kwa baba. Mvua iliponyesha tena, alijifunika jani la mgomba, akasimama uani kutazama. Maji ya mabati yalianguka mstari mmoja chini ya upenu, yakichimba ardhi. Maji ya kilimani nayo yalikuja kwa nyuma, yakaizunguka nyumba mpya pande zote mbili, yakakutana mbele. Kutoka hapo yalimwagika kwenye ukingo wa baraza na kwenda moja kwa moja mlangoni kwa bibi.

Kaka yake, Mujuni, alichungulia dirishani mwa nyumba mpya akicheka.

"Mwalimu wa vyura! Leo unawafundisha somo gani?"

"Njoo, mwanafunzi wangu umechelewa," alijibu Alistidia. "Hebu niambie, zamani maji ya kilimani yalipita wapi?"

"Kwenye mfereji wa babu. Si tulikuwa tunauruka?"

"Uko wapi sasa?"

Mujuni alinyoosha mkono kuonyesha. Mkono ukaelekea barazani, naye akaacha kucheka.

Alistidia alirudi ndani. "Bibi, nitamwambia baba. Nimeona nikwambie wewe kwanza. Sitasema nyumba yako imezeeka. Nitasema mfereji umefukiwa."

Bibi alichokoa moto kwa kijiti. "Na asipokusikia? Nitaamkia chini ya mabati."

"Tukinyamaza, Bibi, nguzo itaoza."

"Haya. Nenda," bibi alisema bila kumtazama.

Jioni ile Alistidia alipiga magoti mbele ya baba yake barazani, akamwamkia, kisha akamweleza. Mutalemwa alitikisa kichwa.

"Si nilisema? Msonge umezeeka. Kesho tunamhamisha mama."

"Tata waitu," alisema, akimwita baba kwa heshima ya Kihaya, "mvua za mwaka jana zilikuwa kubwa kuliko hizi, na maji hayakuingia. Baraza lilikuwa halijajengwa."

"Kwa hiyo baraza langu ndilo lenye makosa?"

"Sijui, Tata. Naomba tu uje utazame mvua ikinyesha."

"Mvua? Mimi niitazame mvua? Nimezaliwa nayo."

Hata hivyo kesho yake mvua iliponguruma ziwani, Mutalemwa alitoka. Alisimama kando ya binti yake chini ya jani la mgomba. Aliyafuata maji kwa macho kutoka nyuma ya nyumba mpaka barazani, na kutoka barazani mpaka kwa mama yake. Kisha akateremka, akainama, akaingia msongeni. Bibi Kokubanza alikuwa amekumbatia nyasi zilizolowa na hakupata pa kuzificha. Mutalemwa aligusa mguu wa nguzo.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ungeibomoa."

Mutalemwa aliinamisha kichwa. Alizichukua zile nyasi mikononi mwa mama yake, akazitoa nje mwenyewe.

Mvua ilipokatika, aliwaita watoto. "Maji lazima yapate njia. Tuitafute."

Walijaza debe, wakamwaga maji hapa na pale ili waone yanakoelekea. Mujuni alitaka wachimbe upande wa kushoto, ambako udongo ni laini.

"Huko amelala babu yako," alisema Mutalemwa. "Hatuwezi kupitisha maji juu ya kaburi."

"Basi kulia, Tata."

"Kulia ni chemchemi. Maji machafu ya uani yataingia katika maji tunayokunywa, halafu kijiji kizima kitaugua tumbo."

Wote watatu waligeuka kulitazama baraza. Lilikuwa zuri, mawe yake yamepangwa vizuri, na chini yake kulikuwa na mfereji wa babu, uliopita kati ya kaburi na chemchemi. Mutalemwa alizunguka baraza lote, akarudi mahali aliposimama. Kisha akasema, "Mujuni, niletee sururu."

"Na wageni wa Krismasi, Tata?"

"Watanisalimu wamesimama."

Kazi ilikuwa kubwa. Walibomoa baraza, wakaondoa udongo ulioshindiliwa mpaka wakaufikia mfereji wa zamani. Nyuma ya nyumba walichimba mtaro mwingine, wa kuyadaka maji ya kilimani kabla hayajafika kwenye msingi. Chini ya upenu walipanga mawe, ili maji ya mabati yasichimbe ardhi na kuuacha msingi wazi. Bibi Kokubanza alikaa juu ya kinu chake uani, akisimamia.

"Hapo maji yatalala," alisema. "Yaamshe."

Mutalemwa alimwaga debe, na kweli maji yakatulia pale. Akachimba tena mpaka yakateremka. Mwisho wa mfereji, katika kibanja, yaani shamba la nyumbani, waliyatawanya maji kwa vifereji vidogo kati ya migomba na kutandaza majani makavu, ili yasikate shimo. Baadaye Mutalemwa aliweka nguzo mpya kando ya ile iliyoanza kuoza. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Mvua kubwa ilikuja asubuhi ya Jumapili, walipokuwa wakijiandaa kwenda misa. Wote walisimama mlangoni kwa bibi. Maji ya kilimani yaliingia mtaroni. Maji ya mabati yalianguka juu ya mawe. Yote yakakutana kwenye mfereji, yakapinda, yakapita kando ya msonge yakiunguruma, yakashuka kwenye migomba. Mlangoni hapakufika hata tone.

Waliketi juu ya nyasi kavu. Bibi alimpa kila mmoja kahawa ya kutafuna, kama wanavyopewa wageni wa heshima.

"Wanangu," alisema Mutalemwa, "mimi nilianza kwa kutafuta mabati. Ningeanza kwa kuingoja mvua moja, nikatazama maji yanapita wapi, ndipo nikachimba msingi. Mtu akijenga juu ya mteremko, lazima ajue maji yake yatakwenda kwa nani."

"Na mimi nina kosa langu," alisema Bibi Kokubanza. "Siku ile ulipoufukia mfereji nilikuwa naona. Nikasema moyoni, mwanangu ana furaha, nisimuudhi. Kisha nikaficha nyasi. Kunyamaza kwangu kungeiangusha nyumba niliyotaka kuilinda." Akamgeukia Alistidia. "Wewe hukunificha, wala hukuendelea kumficha baba yako. Ulitazama kwanza, ukahakikisha, ndipo ukasema. Ukikua, usiache kufanya hivyo, hata kama anayekosea ni mkubwa wako."

"Msonge hautabomolewa, mama," alisema Mutalemwa.

"Sikukuuliza," alisema bibi, akamwongezea kahawa.